Mgonjwa wa Mstari wa Thelathini na Nane

Marehemu, ambaye hospitali nzima ilimwita Umewasha, alizaliwa Jumapili, tarehe 14 Machi 1971, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli. Alikuwa wa pili kati ya watoto watatu. Baba yake alikuwa mchomeleaji na mama yake alifua nguo za watu. Wasifu huu umeandikwa, na sasa unasomwa, na mdogo wake wa kike. Juzi ofisi ya uhusiano ya hospitali ilimpigia simu ikiomba sehemu inayohusu kazi "ilainishwe kidogo kwa heshima ya msiba". Haikulainishwa. Heshima ya msiba ni ya marehemu, si ya hospitali.

Alisoma shule ya msingi ng'ambo ya reli kuanzia 1979 hadi 1985, kisha sekondari ya kutwa hadi 1989. Akiwa kidato cha tatu alitengeneza redio ya mwalimu mkuu iliyokuwa imelala kabatini mwaka mzima. Kabla hajaifunga, alitia ndani yake karatasi iliyoeleza kila alichokifanya. Mwalimu mkuu akamuuliza, "Sasa hii barua unamwandikia nani, redio?" Akajibu, "Namwandikia atakayeifungua baada yangu, mwalimu, asianze upya." Mwaka 1990 aliingia chuo cha ufundi, akahitimu fani ya umeme mwaka 1992.

Tarehe 3 Juni 1996 aliajiriwa hospitalini kama fundi umeme. Miaka miwili baadaye alitumwa kurekebisha soketi katika stoo ya mashuka, akamkuta mshonaji aliyekuwa akitia viraka. Alipoanza kusogeza marobota bila kuomba, mshonaji akamkemea: "Wewe fundi, mashuka yangu unayapeleka wapi? Umeyafua wewe?" Aliyarudisha yote, akayakunja upya, akayakunja vibaya. Walifunga ndoa tarehe 21 Agosti 1999 na wakajaliwa mabinti wawili. Stoo ile ile ndiyo baadaye ilifanywa chumba cha seva, na mkewe alizoea kumtania kwamba alimnyang'anya chumba ndipo akamwoa kama fidia.

Kompyuta zilipoletwa mwaka 2003, alipelekwa masomoni miezi tisa. Jina lake lilitokana na simu moja. Daktari bingwa alifoka asubuhi nzima kwamba mashine imekufa, mafundi ni wazembe na serikali imelala. Marehemu akamsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kwa upole, "Umewasha, daktari?" Kisha simu ikakatwa. Tangu siku hiyo hakuitwa jina lake tena.

Mwaka 2004 iliwekwa programu ya ripoti. Kila asubuhi saa moja na nusu ilisoma hifadhidata ya maabara na kutoa orodha ya wagonjwa ambao majibu yao yalionyesha hatari na hawajayachukua. Muuguzi wa kaunta aliwapigia simu mmoja mmoja. Kaunta haikuwa na njia nyingine ya kujua jibu limetoka. Kwa miaka kumi na minane orodha ile haikukosa kutoka, na hakuna kiongozi aliyeiulizia, kwa kuwa kinachofanya kazi hakipigiwi makofi.

Tarehe 30 Januari 2023 hospitali ilizindua mfumo mpya kwa keki, kamera na hotuba tatu. Seva ya zamani ilizimwa siku hiyo hiyo. Mfumo mpya haukuwa na orodha ile. Ilielezwa kwamba ingekuja katika "awamu ya pili". Marehemu aliuliza wagonjwa wangeitwaje hadi hiyo awamu ifike. Akajibiwa kwamba programu ya zamani haiwezi kufanya kazi katika seva mpya. Maelezo hayo hayakuwa ya kweli, na waliosema hivyo hawakuwa wamejaribu.

Yeye alijaribu. Programu ile ilijengwa kwa mashine za kizazi kilichopita, hivyo aliitengea sehemu yake ndani ya seva mpya na kuiamuru sehemu hiyo pekee ifanye kazi kwa mtindo wa zamani. Akatafuta kiunganishi cha zamani cha hifadhidata, akakipa ruhusa ya kusoma tu, kisiweze kufuta wala kubadili. Kisha kwa siku tisa akatazama ukurasa mweupe usio na neno. Siku ya kumi aligundua kwamba programu ilinyimwa folda moja ndogo ya kuandikia faili zake za muda. Akaifungulia folda. Ijumaa, tarehe 17 Machi 2023, ukurasa ulifunguka akitumia data ya majaribio. Kilichobaki ni saini moja ya kuruhusu data halisi.

Saini hiyo ilichukua miezi minane. Mkuu wa utawala alimwambia, "Fundi, tumezindua mfumo wa kisasa, wewe unaturudisha makumbusho?" Marehemu akasema, "Mkuu, makumbusho haya yanapiga simu. Mfumo wa kisasa haupigi." Akatolewa ofisini. Aliandika barua sita. Alipigwa kalenda: leo kikao, kesho mkaguzi, keshokutwa mkuu yuko safarini. Kila alipopita korido viongozi walimsifu uzalendo wake, wakimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Hapa ndipo kazi yake na ugonjwa wake visipotenganishika. Tarehe 6 Februari 2023 alikatwa kipande cha uvimbe shingoni kipimwe maabara, katika hospitali hiyo hiyo, akaambiwa atapigiwa. Alikwenda kaunta mara nne na mara nne akaambiwa, "Bado, kaka, likitoka tutakuita." Muuguzi hakudanganya, hakuwa na orodha. Mkewe alimsihi mezani, mbele ya mdogo wake huyu anayesoma: "Baba watoto, si ufunguo unao? Ingia humo uangalie jibu lako."

"Siruhusiwi kutazama majibu ya mgonjwa."

"Mgonjwa mwenyewe ni wewe!"

"Nikijitazamia langu, mama, aliyekaa kwenye benchi nani atamtazamia lake? Na mimi nikishapata langu, nitaandika barua ya saba kwa uchungu gani?"

Mdogo wake alimwita mpumbavu siku hiyo. Anaomba radhi mbele ya jeneza hili, ingawa hasira yake haijapungua; imehamia tu kwa wanaostahili.

Saini ilitolewa Alhamisi, tarehe 9 Novemba 2023, baada ya ndugu wa mgonjwa mmoja kutishia kwenda mahakamani. Orodha ilitoka ikiwa na watu mia nne na kumi na wawili. Marehemu alisimama kaunta, kola imeficha uvimbe. Muuguzi alipitisha kidole kwenye karatasi, kikasimama mstari wa thelathini na nane.

"Umewasha, kaka yangu, keti kwanza."

"Nimeona, dada. Anza na wa kwanza."

"Lakini wewe uko hapa hapa!"

"Ndiyo, sitapotea. Piga simu ya wa kwanza."

Alikaa kwenye benchi hadi zamu yake ilipofika, saa nane mchana. Jibu lake lilikuwa limetoka tarehe 20 Februari. Lilikaa katika hifadhidata siku mia mbili sitini na mbili, hatua arobaini kutoka mezani kwake. Katika wiki ile, simu thelathini na moja zilipokewa na watu waliosema mwenye namba ameshazikwa. Hao nao walikuwa na wasifu wao, na hakuna aliyeuombea ulainishwe.

Matibabu yalianza tarehe 13 Novemba. Madaktari na wauguzi walimhudumia kwa moyo wote, na familia inawashukuru. Walipewa saratani ya Novemba badala ya ile ya Februari. Alifariki Jumapili, tarehe 18 Februari 2024, saa nne asubuhi, mkewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, mabinti wawili, kaka, dada na mama mzazi. Ameacha pia kurasa kumi na moja zilizobandikwa nyuma ya mlango wa ile stoo ya mashuka, zikieleza kila hatua ya kuiendesha orodha ile. Muuguzi wa kaunta amezisoma na anaziweza. Uongozi umetangaza kwamba orodha itazimwa mwisho wa mwezi huu, awamu ya pili iwe tayari au isiwe. Shada lenu, waheshimiwa, tumelipokea. Tunachowaomba si maua. Acheni orodha ile ikiwaka.

Leo asubuhi, saa moja na nusu, orodha ilitoka ikiwa na majina matano. Wote watano wameshapigiwa simu.

Yeye sasa apumzike kwa amani. Sisi tutapumzika orodha ya kesho ikishasomwa hadi mstari wa mwisho.