Bangili za Madamu Khairunisa

Tarehe 31 Oktoba, Madamu Khairunisa Aziz atafunga kabati la maabara yetu hapa Kitale kwa mara ya mwisho, baada ya miaka thelathini na minne ya kufundisha Biolojia. Tumembembeleza abaki. Serikali imekataa, naye amecheka tu.

Alikuja na sindano zake za kufuma sweta, na baridi ya Kitale haikumpa sababu ya kuziacha. Hata kromosomu alizifundisha kwa uzi wa sweta. Uzi ulikuwa DNA, ndefu ajabu ndani ya kiini kidogo cha seli. Bangili zake zilikuwa protini zinazoukamata uzi huo na kuuvuta uwe kitanzi, mpaka zikwame kwenye fundo, ambalo nalo ni protini ya kuzuia. Hivyo ndivyo jeni inavyokutana na swichi yake iliyoko mbali, ikawashwa. Siku moja uzi ulimwishia darasani, akafumua sweta aliyokuwa akimfumia Mwalimu Mkuu Wakhungu. Mkuu aliishia kupewa kizibao, na hajathubutu kulalamika.

Lakini mimi mwalimu wa Kemia nitamkumbuka zaidi kwa safari ya Bungoma. Sellah, mpishi wetu, alijifungua mtoto mwenye mwili mdogo na nyusi zilizoungana, akawa anakua kwa shida. Hospitali ilieleza kwamba protini za kukunja kromosomu zina kasoro. Wakwe zake kule Bungoma wakasema Sellah amevunja mwiko, arudishwe kwao. Sellah akaacha kula.

Madamu alibeba mfuko wake wa uzi akaenda. Alimpa mama mkwe uzi aushike mwenyewe, pamoja na bangili iliyopasuka. Kila akivuta kitanzi, uzi ulichomoka.

“Sasa hii bangili, si ni Sellah alivunja?” mama mkwe akauliza.

“Hapana, mama. Hakuna mtu alivunja. Ilikuja tu hivyo.”

Bibi yule akaomba apewe mjukuu ampakate. Sellah hakurudishwa.

Siku hizi mtoto huyo, Hillary, anakimbiza kuku uani. Bibi yake anaivaa ile bangili iliyopasuka, na jirani akianza kunong’ona kuhusu mtoto, anaivua mkononi na kuagiza uzi.

Asante, Madamu. Mungu akujalie afya, usingizi wa asubuhi na uzi usiokwisha. Pumzika bila wasiwasi: kule Bungoma, somo lako bado lina mwalimu.