Kurasa Sita za Simameni

Kijiwe cha wastaafu hawa watatu ni benchi nje ya duka la donati, mkabala na maktaba ya mji, huko Massachusetts. Theluji ya Machi ilikuwa inayeyuka, na Eamon Tierney alikuwa amekaa na kurasa zake sita magotini, roho juu. Miaka thelathini na moja alikuwa askari wa mahakama, mpaza sauti ya "Simameni!" kila jaji anapoingia, ndipo kijiwe kikambatiza Simameni. Shule aliiacha akiwa na miaka kumi na sita. Sasa, na mvi zake zote, alibakiza somo moja tu apate cheti cha sekondari: nguvu za mahakama, na wale wanafikra wa zamani wa huko huko walioamini kwamba ukweli umo ndani ya kila mtu. Saa nne asubuhi angesimama darasani, ghorofa ya chini ya maktaba, ajibu swali: mahakama ikisema fanya, dhamiri ikisema acha, unatii ipi? Mwaka jana alifeli.

— Mahakama, bwana! Ikitamka kwamba sheria ni batili, hata rais ananywea. Nimeandika hivyo tena, kurasa sita.

— Ndiyo maana ulifeli! Gus alimrukia. Huyu ni fundi bomba mstaafu, wanamwita Bomba. — Wale wanafikra wako si walisema miti inafundisha? Basi mwaloni ule pale: miaka mia mbili kazini, haujalala usingizi kortini hata siku moja. Uapishwe!

— Mti utatoaje hukumu?

— Utaangusha jani. Likikudondokea, umeshinda kesi.

— Na yakipukutika yote Oktoba? Si wezi wote wataachiwa!

Marguerite akagonga kikombe. Yeye wanamwita Rufaa, kwa kuwa hajawahi kukubali neno "hapana", hata la daktari.

— Nyamazeni nyie. Kila mtu ana korti zake mwilini. Tumbo ni mahakama ya mwanzo, moyo ni ya rufaa, magoti ndiyo mahakama ya juu kabisa. Yangu yakikataa ngazi, nani wa kuyapinga?

Simameni alicheka hadi kahawa ikamwagikia ukurasa wa pili. Aliwapenda sana wapuuzi hawa.

Hapo akafika Nélida, mwanafunzi mwenzake aliyejiunga wiki ile, bado kavaa sare ya hospitali.

— Samahani, mzee Tierney. Wewe mwenyewe, kazini mahakamani, dhamiri ilipokukataza, ulifanyaje?

Simameni aliitazama mikono yake, akaona haya.

— Muda umefika, baba wee, Rufaa alisema taratibu. Twende.

Walimsindikiza wote, wakabanana viti vya nyuma. Mwalimu alipomwita, Simameni aliziacha kurasa kwenye kiti.

— Jaji aliamuru mtoto aondolewe kwa mama yake. Aliyembeba kumtoa ni mimi. Moyo ulikataa, mikono ikatii. Alikuwa na soksi mguu mmoja tu, na sikurudi kuitafuta ya pili.