Mvua ya Mawe na Kikapu cha Bot Chebet

Ndugu zangu, Bwana apewe sifa! Na wale wamekaa karibu na mlango wakiogopa kwamba nimekuja na spika zangu, tulieni. Leo nimekuja na mdomo tu.

Mnanijua. Mimi ni Baba Kiptoo wa hapa Mogogosiek. Niliachia shule darasa la sita, na bado nikaunda amplifaya yangu mwenyewe kwa radio mbovu na mbao za boksi. Gitaa hakuna mtu alinifundisha! Huku kwetu kila bendi inapiga nyimbo za harusi, mimi nikaleta roki. Bendi nikaiita Mvua ya Mawe. Mkulima wa chai kuita bendi yake Mvua ya Mawe! Wazee walikuja kwangu wakanisihi nibadilishe jina kabla mashamba yao hayajapigwa. Nikakataa. Tumetoa albamu mbili, na Kericho mjini watu wananisimamisha barabarani. Sijisifu. Haya, najisifu kidogo.

Tulikuwa tunajiandaa kwa albamu ya tatu, nyimbo tayari, studio imekubali, wakati shetani alinipata shambani. Mimi ndiye nilikuwa wa kwanza kwetu kuwa na mashine ya kuchuma chai, ile ya injini. Siku hiyo kijiti kikakwama kwenye makali. Mtu mwingine angezima injini. Mimi fundi mzima nizime mashine kwa sababu ya kijiti? Nikaingiza mkono wa kushoto.

Ndugu zangu, vidole vitatu! Hospitali walivishona vizuri, kidonda kikapona, lakini vikabaki vimenyooka kama uma. Daktari akasema nifanye mazoezi. Nikafanya kidogo, nikachoka. Na mpiga gitaa bila mkono wa kushoto ni nani? Gitaa nikaliweka juu ya kabati nisilione.

Otieno, anayepiga ngoma kwenye bendi yetu, mtu wa boila pale kiwandani, akaja nyumbani. Akakunywa chai yote kabla hajasema. "Omera, ndugu yangu, nakupenda, lakini albamu haiwezi ngoja kidole. Nimepata mpiga gitaa wa Chepseon." Bendi niliyoanzisha mimi! Nilimfungulia mlango aende, nikakaa hapo nikilia kama mtoto.

Basi siku moja nikapita kituo cha kuuzia majani. Akina mama walikuwa wanangoja lori, wanaimba kama kawaida yao. Bot Chebet, mama yake Chebet, yule wa kanisa letu ambaye mnamjua kwa sauti, akaniita. "Leta huo mkono." Wakanizunguka, wakaomba mpaka machozi yakanitoka. Nikafungua macho. Vidole vile vile! Nikamwambia, "Mama, hakuna kitu." Akanijibu, "Mungu ameshasikia. Wewe ndio hujaanza. Kesho chukua kikapu, uje tuchume."

Mimi! Mwenye mashine! Kuchuma kwa mkono na akina mama! Lakini nilienda. Walivyoniona, mmoja akapiga kelele, "Leo mashine imekuja na miguu!" Wakacheka mpaka wakashika migongo. Bot Chebet akanifunga mkono wa kulia kwa leso. "Majani mawili na chipukizi, na huo wa kushoto peke yake. Ukidanganya nitaona."

Nilichuma vibaya. Walijaza vikapu, changu kina majani ya kufunika chini tu. Nikarudi kesho yake. Nikarudi tena, mvua na jua, nikiomba kwa kila shina, na nikiumia kweli kweli. Halafu adhuhuri moja nikasikia chipukizi limevunjika, tak! Nikaangalia. Ni kidole cha kati kimekunjika chenyewe! Haleluya! Nilipiga kelele, akina mama wakakimbia wakidhani ni nyoka.

Baadaye kikafuata cha pete. Cha mwisho kimekataa mpaka leo, muone wenyewe, kimenyooka. Nilienda mazoezi ya bendi hivyo hivyo. Kidole hicho kikawa kinagusa nyuzi ambazo sikutaka, gitaa likatoa mlio ambao sijawahi kusikia. Otieno akaacha kupiga. "Omera, hiyo ni nini?" Nikamwambia, "Hiyo ni albamu." Na yule wa Chepseon sikumfukuza. Anapiga vizuri, ingawa si kama mimi. Sasa tuna gitaa mbili.

Wiki ijayo tunaingia studio. Wimbo wa kwanza unafunguliwa na akina mama wa kituo cha majani, Bot Chebet mbele. Amesema ataimba tu kama tutapunguza sauti. Tunazungumza.

Ndugu yangu, dada yangu, labda kuna kitu chako kimekauka na umekiweka juu ya kabati usikione. Mwamini Yesu, anasikia! Njoo hapa mbele tukuombee. Na ukifungua macho uone hakuna kilichobadilika, usirudi nyumbani. Kikapu changu kiko pale mlangoni.