Mwende na Mapigo ya Majira

Wapendwa jamaa na marafiki, familia ya Kisilu inawashukuru kwa kufika hapa Woolwich, London, kwenye baridi hii, na imenituma mimi Eddie, shemeji wa marehemu, nisome maisha ya Zipporah Mwende.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Aprili 1961 huko Mwala, Machakos, mvua ikinyesha na baba yake akiwa shambani, akasoma hapo kijijini na baadaye Machakos mjini, akahitimu uuguzi Nairobi mwaka 1984, kazi aliyoipenda hadi mwisho. Alifunga ndoa na Titus Kisilu tarehe 14 Desemba 1985, wakajaliwa Natasha na Tevin, na mwaka 2001 wakahamia London, ambako alifanya zamu za usiku hospitalini miaka mingi, hadi usingizi ukamkimbia na mwili ukagoma.

Ndipo jirani yao Mama Liang, tabibu wa Kichina aliyestaafu, alipomweleza kwamba wahenga wa kwao hawakumtenganisha mtu na mbingu wala ardhi, kwamba majira yakiingia shambani huingia na mwilini, baridi ikiwa ya kulala mapema na kungoja jua, na hata mapigo ya mkononi wakati huo huzama karibu na mfupa, kisha miti ikikaribia kuchipua hupanda juu. Marehemu alipigwa na butwaa, maana binti wa mkulima aliyajua hayo yote kwa mahindi, lakini hakuwahi kufikiri kwamba na yeye yumo. Aliomba zamu za mchana, akajifunza kwa Mama Liang miaka saba, wala hakumwambia mgonjwa yeyote aache dawa za daktari.

Mzee Titus, dereva wa basi, alimtania kwamba ameolewa upya Uchina, na kila alipoambiwa ashike mkono wa mkewe asikie tofauti, alijibu kuwa mapigo ni mapigo, Januari au Julai.

Mei 2025 marehemu aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho, akatibiwa kwa bidii, na Desemba akarudishwa nyumbani. Alimwomba Mzee jambo moja tu, kwamba kila asubuhi afungue pazia na kumshika mkono, na Mzee akawa na hofu kubwa kwamba mke wake ataondoka kabla yeye hajaelewa kitu hiki alichomfundisha kwa subira miaka yote. Januari nzima alibonyeza sana ndipo akayapata mapigo, yakiwa mbali chini.

Asubuhi ya tarehe 4 Februari 2026, siku ambayo kalenda ya kale ya Wachina huhesabu kuwa majira ya kuchipua yameingia, barafu ikiwa bado kwenye vioo vya magari, Mzee aliweka vidole, na kabla hajabonyeza, mapigo yalikuja yenyewe juu, yakamgusa. Akamwambia mkewe kuwa ameyasikia, naye akatabasamu, na muda mfupi baadaye yakatulia kabisa, akatuacha. Daktari ana maelezo yake, nasi tunayaheshimu, lakini Mzee mpaka leo anavitazama vidole vyake kwa mshangao.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mlioleta chakula, madereva wenzake Titus mlioshika zamu zake, na Mama Liang, aliyekaa nasi hapa mbele.

Mwende wetu, pumzika kwa amani, mumeo amesikia.