Bi Radhia na Orodha ya Wasioandikiwa

Baada ya miaka ishirini na sita, Bi Radhia Gharsallah anastaafu leo, tarehe 31 Machi. Kazi ya kuandika wasifu wake nimepewa mimi, Slim wa meza ya pili, na wenzangu wanajua kwa nini nimeipokea kwa aibu.

Ofisi yetu hapa Tunis hutuma barua pepe za matangazo ya maduka. Bi Radhia alishika orodha ya watu walioomba wasiandikiwe. Kando ya kila anwani aliandika sababu: kachoka, kahama, marehemu. Kabla ya kila kampeni ya matangazo aliisoma yote kwa sauti ya chini, na ole wako umkatize. Hata makroudh zake, vile vikeki vya tende, hazikuguswa mpaka amalize.

Mwaka 2019 nilijifanya mjuaji. Niliona marehemu wanajaza orodha bure, nikawafuta wote arobaini na mmoja. Sikujua kwamba ili usimwandikie mtu ni lazima uendelee kumkumbuka. Wiki ileile tulinunua anwani mpya, na zao zikarudi humo kama za wateja wageni. Tangazo la viatu vya Idi likawafikia.

Majibu yalianza kuingia saa tano asubuhi. Yalikuja arobaini na moja, yote ya adabu. Wengi walisema tu kwamba walishaombewa wasisumbuliwe. Mmoja aliuliza kama mvua imeanza Bizerte. Tulizipigia simu familia tatu, zote zikatuambia akaunti hizo zilifungwa zamani. Kahawa zetu zikapoa mezani.

Jibu la mwisho lilitoka kwa Béchir, mume wa Bi Radhia, tuliyemzika mwaka 2011: "Radhia, viatu vya nini tena? Umekula?"

Bi Radhia alikaa mbele ya maneno hayo tangu adhuhuri hadi alasiri, vidole vyake juu ya kibodi. Angeandika neno moja tu, angejibiwa. Sote tulilijua hilo, na nakiri nilitamani aandike, ili kosa langu limfae mtu. Badala yake alimrudisha Béchir kwenye orodha, wa kwanza kabla ya wengine wote.

"Mwanangu," aliniambia, "huyu hakupenda matangazo hata alipokuwa hai. Aliyeomba asiandikiwe haandikiwi. Hata akiwa wangu."

Kisha akaenda kunawa uso. Hakuwahi kunilaumu, na majibu ya namna ile hayakuja tena.

Jana alinikabidhi orodha. Chini tu ya Béchir ameingiza anwani yake mwenyewe, na nafasi ya sababu ameiacha wazi. Nilipomuuliza niandike nini, alisema, "Utajua wakati ukifika, usiwe na haraka."

Ndiyo maana wasifu huu umechapwa kwenye karatasi.

Asante, Bi Radhia. Tunakuombea afya, raha na siku nyingi. Hatutakuandikia. Ila kabla ya kila kampeni nitalisoma jina lako kwa sauti ya chini, mara tu baada ya la Béchir.