Utando Usiotaka Maji

Ndani ya basi la kwenda Tsukuba, mji wa watafiti huko Japani, msimu wa mvua, kijana alikuwa amepakata kopo la biskuti kama mtoto mchanga. Bi Tokie, kikongwe aliyeketi naye, uvumilivu ukamshinda.

“Umebeba nini, mjukuu wangu?”

“Utando, bibi, mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu. Ukipozwa sana, umeme unapita bila kupotea. Maabara yetu itautumia kutengeneza kompyuta zisizopata joto. Ila unyevu unauharibu. Juzi nilipoteza mmoja.”

“Hautaki joto, hautaki maji. Huo si utando, ni mkwe wangu.”

Kijana akacheka, akafunua kopo kidogo. Ndani mlijaa vifuko vya kunyonya unyevu, vile vya kwenye pakiti za mwani mkavu wa kula. “Mama ananiwekea.”

Basi likasimama. Bi Tokie akafungua pakiti ya mwani aliyoinunua asubuhi, akachomoa kifuko.

“Ongeza hiki. Mwani ukilegea kwa unyevu, nyumbani tutaula hivyo hivyo.”