Spika ya Ghorofani

Benchi la kijiweni liliegemea kibanda cha Fundi Redio, chini kabisa ya ngazi za kupandia ukumbi wa yoga. Asubuhi hiyo lilibeba watu watatu, birika la kahawa na spika nyeusi ya mwalimu wa yoga, ya kupigia muziki wa filimbi darasani, ambayo Fundi alishamaliza kuichomelea waya tangu saa tatu. Darasa lilianza saa nne. Sasa nne na nusu inabisha hodi, na Kinyozi ameifanya spika meza ya kikombe chake. Fundi hakuipandisha. Angewezaje kupita mbele ya wenzake akiwa amekumbatia kitu wanachokicheka? Tena mkewe alikuwa huko juu, na kijiweni hakuna aliyejua.

— Mtu mzima anajikamua kama tambara la deki, akasema Kinyozi, halafu anataka apigiwe filimbi. Anaolewa?

— Filimbi ile ni ya kuficha, akajibu Mzee Nukta, karani mstaafu aliyepata jina kwa namna anavyofunga hoja zake. Magoti yanalia, matumbo yanatoa hewa. Muziki unafunika aibu. Nukta.

Fundi akacheka. Mungu amsamehe, alicheka kuliko wote.

— Mimi nilijaribu nyumbani peke yangu, Kinyozi akaendelea. Nikafungulia dansi, nikasimama mguu mmoja. Kiuno kikakataa kutulia, kikafuata ngoma. Nikaangukia kabati la mama watoto.

— Kosa la nani hapo? akauliza Fundi.

— La yoga!

— Nyie chekeni tu, akasema Mzee Nukta. Hatari iko kwenye pumzi. Pumzi kakupa Mungu. Ukiivuta kwa kufuata filimbi, umeshamkabidhi mpiga filimbi. Akikata wimbo ghafla, wewe umevuta, kutoa hujui.

— Wee! Unakufa?

— Unavimba. Nukta.

— Na mapepo je, akauliza Kinyozi, wakikuta mtu kalala chali, macho kafumba?

— Wanaingia wanapanga chumba! akadakia Fundi.

Benchi likatikisika kwa vicheko. Lakini neno lilipomtoka tu, likamchoma. Miezi minane mgongo ulimnyima mkewe kupiga magoti. Alisali ameketi ukingoni mwa kitanda, akiona haya mbele za Muumba wake. Wiki iliyopita, kwa mara ya kwanza, magoti yaligusa sakafu. Naye akamweleza mumewe vizuri: muziki ukiwepo nafuata pumzi, ukizimwa nasikia mifupa tu, naogopa, najikaza, naumia. Na leo asubuhi Fundi alimwahidi kwamba spika ingekuwa juu kabla darasa halijaanza.

— Fundi, mbona umeacha kucheka? akauliza Kinyozi. Au na wewe ni mtu wa filimbi?

— Mimi? Nikanyooshwe nimekuwa waya?

Akajimiminia kahawa asiyoitaka, apate pa kuuficha uso.

Hapo ngazi zikalia. Mwanamke alikuwa anashuka, mkono mmoja kwenye reli, mwingine kiunoni, akitanguliza mguu uleule kwa kila ngazi. Kinyozi akafungua mdomo amtupie neno, akamtambua, akaufunga.

— Shikamoo, mzee.

— Marahaba, mama.

Macho yake yakatua kwenye spika.

— Baba watoto, haijapona?

— Imepona.

— Tangu saa ngapi?

— Saa tatu.

— Sasa ilikuwa inangoja nini?

Aliuliza bila ukali, kama mtu anayetaka kujua kweli. Kinyozi akaondoa kikombe chake, akafuta kwa kiganja duara la kahawa lililobaki. Fundi akamtazama Mzee Nukta, mzee akatazama viatu vyake. Wanaume watatu waliojua habari zote za magoti, pumzi na mapepo, hili hawakulijua.

Mwanamke akageuka, akaanza kupanda. Fundi akainuka na spika kifuani, akamfuata nyuma taratibu, ngazi kwa ngazi, hakuthubutu kumpita.